Uzi wa mafundi: Balisong ya kuundwa kwa mkono, mpini kwanza bapa baadaye

Mkerezaji wa Gerezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Humu jukwaani tumejadili visu vya jikoni, vya buchani, mpaka mapanga ya kufyekea. Kuna kisu kimoja sijakiona kikipewa uzi wake, nacho ni balisong. Wengine wanakiita kisu cha kipepeo. Kina mipini miwili na bapa moja, na kila mpini unazunguka kwenye ekseli yake iliyopita katika msuka wa bapa, yaani kile kipande cha nyuma kisicho na makali. Ukikifunga, mipini inalimeza bapa. Ukikifungua, mipini inazunguka nusu duara, mmoja kulia mwingine kushoto, inakutana nyuma na kuwa mpini mmoja mkononi mwako.

Kwao ni Ufilipino, mkoa wa Batangas, mji wa Taal, ambako kuna kitongoji chenyewe kinaitwa Balisong. Wenyeji wanakiita pia *veinte nueve*, yaani ishirini na tisa kwa Kihispania, na maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba kikifunguliwa kinafika sentimita 29.

Mimi nilikijulia Muscat. Nilikuwa fundi mashine kwenye karakana ya vipuri, na mwenzangu wa benchi alikuwa mtu wa Taal. Wajomba zake ni wahunzi wa balisong. Januari 2020 volkano ya Taal ilipolipuka alikaa macho usiku kucha na simu sikioni. Alfajiri akaniambia watu wote wako salama, majivu yameifunika karakana, na mjomba alipokimbia alibeba vitu viwili tu: nyundo na kipande cha chuma chenye matundu. Sikuelewa kipande hicho ni cha nini. Miezi miwili baadaye akanichorea. Ni kipimo cha kutobolea matundu ya mipini, cha tangu enzi za baba yake. Mfano wa bapa hawakuwa nao hata mmoja, bapa wanalichora kwa jicho.

Hapo ndipo nilipopata hoja ya uzi huu: balisong inaundwa kuanzia kwenye mpini. Mafundi wengi, hata wazuri, wanaanza na bapa. Wanachora ncha, wanatia mawimbi, wanachovya kwenye asidi ili mistari ya damaski (chuma cha tabaka tabaka) itokeze, halafu mipini inatafutwa mwishoni kama vile mtu anashona ala. Kisu cha namna hiyo kinapendeza kwenye picha na kinagoma mkononi.

Sababu ni uzito na mahali uzito ulipokaa. Mpini wa balisong unazungushwa, haushikwi tu. Kitu kinachozunguka kinapinga kwa kadiri ya umbali wa uzito kutoka kwenye ekseli, na umbali huo unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. Gramu 1 iliyokaa milimita 120 kutoka kwenye ekseli inasumbua mara 16 kuliko gramu hiyo hiyo ikiwa milimita 30. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimetoboa matundu kupunguza uzito", swali langu la kwanza ni ametoboa wapi. Matundu ya karibu na ekseli yanapunguza kilo za mzani tu. Tundu moja la karibu na mkia mkono unalisikia papo hapo.

Na kupunguza siyo kila mara ndiyo dawa. Mpini mwepesi kupita kiasi hauna msukumo wa kumalizia mzunguko, unafika nusu njia unalala. Mimi napenda kisu kikifunguliwa, nikikilaza juu ya kidole, kisimame sawasawa upande wa mipini, kidogo tu nyuma ya ekseli. Kikisimama upande wa bapa, mipini ni myepesi au bapa ni nene.

Nimeunda 11 tangu nirudi nyumbani. Sita za mwanzo hazikuwa na makali kabisa, ubapa mtupu wenye matundu, na nawasihi kila anayeanza afanye hivyo. Karibuni tujadiliane.

---

Nyundo Nzito

Mkuu, uzi mzuri, lakini hapo umenigusa pabaya. Mimi mhunzi wa kurithi, baba yangu alifua majembe na visu. Kwetu kisu ni makali. Kisu kisichokata ni kipande cha chuma hata mpini uwe wa dhahabu. Unawezaje kusema bapa linafuata?

Halafu huo msuka unaoutaja, si sehemu ya bapa? Ekseli zote mbili zimepita humo. Msuka ukienda upande, mipini yako mizuri itakwenda wapi?

---

Mkerezaji wa Gerezani

Kaka Nyundo, hoja yako nimeipokea, na kuhusu msuka una haki yote. Ngoja niseme vizuri zaidi. Msuka umefuliwa pamoja na bapa lakini kazi yake ni ya mpini. Mimi nauchora siku ile ile ninapochora mipini, kwenye karatasi moja. Makali na ncha nachora siku nyingine.

Kwenye msuka kuna mambo matatu yanayoamua kila kitu: matundu mawili ya ekseli, pini mbili za kuzuia, na vile vinundu viwili vya pembeni karibu na mwanzo wa makali. Vinundu hivyo ndivyo vinavyougonga mpini wakati wa kufunga, makali yasigonge ndani ya mpini na kubutuka. Fundi asiyeviacha, kisu chake kinajikata chenyewe kila kinapofungwa.

Pini mbili kila moja ina kazi yake. Moja iko nyuma ya ekseli, inaizuia mipini kisu kikiwa wazi. Nyingine iko upande wa bapa, inaizuia kikiwa kimefungwa. Kuna mafundi wa siku hizi wanaozitoa pini kwenye msuka na kuzihamishia ndani ya mipini, halafu msuka unachongwa vibonde vya kuzipokea. Faida ni kwamba pini imeshikwa pande zote mbili na ukuta wa mpini, hailegei upesi. Hasara ni kwamba vibonde lazima vichongwe kwa usahihi mkubwa, kwa tupa peke yake ni kazi ya subira kubwa.

Mipini yenyewe ina maumbile mawili makuu. Kuna ya kupanga, yaani vibapa viwili vimewekewa vipande vya kati na kukazwa kwa skrubu au riveti. Na kuna ya mfereji, yaani kipande kimoja kimechimbwa katikati mfano wa mtumbwi. Ya mfereji haina maungo, ukigonga inalia sauti moja safi. Ndiyo ninayoipenda, ila ukikosea umekosea kipande kizima. Ya kupanga inakupa nafasi ya kurekebisha, na inabeba vizuri mbao na pembe. Kwa mwenye jiriwa, keekee na tupa, aanze na ya kupanga.

Kwa historia kidogo: balisong ilitoka vijiji vya Batangas ikaingia kwenye mashine za kisasa kwa mkono wa Les de Asis, aliyeanzisha kampuni ya Bali-Song kule California mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni hiyo ndiyo baadaye ikawa Benchmade, na mpaka leo nembo yao ni kipepeo. Mafundi wa Marekani wakaleta titani, skrubu na bushi, yaani kijibomba kinachoivika ekseli. Batangas ya zamani ni riveti ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Ikilegea, mjomba anaigonga mara mbili juu ya fuawe na kisu kimepona. Kila upande una akili yake, na mimi sikubali mtu akidharau ule wa Taal.

---

Bint Usambara

Shikamooni wakubwa. Mimi si fundi chuma, nauza vinyago na vibweta vya mpingo. Naomba kuuliza, mbao inafaa kwenye mipini hiyo? Na mpingo wetu unaweza?

---

Mkerezaji wa Gerezani

Marahaba dada, na swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Kule Ufilipino wana mti unaitwa kamagong, mweusi, mgumu, wa jamii moja na mti wa ebonia. Wanautumia pamoja na pembe za nyati wa maji wanaolimia, mifupa na shaba ya njano. Mpingo wetu ni wa jamii nyingine kabisa ya miti, lakini kwa kazi hii ni ndugu. Unazama majini, una mafuta yake ya asili, na ukiusugua kwa msasa hadi namba 2000 unang'aa bila vanishi yoyote.

Nanunua vipande vilivyobaki kwa wachongaji wa Mwenge. Navichagua vyenye nyuzi zilizonyooka, maana kibapa cha mpini ni milimita 3 tu na nyuzi zikikatiza kinapasuka kwenye tundu la skrubu. Mafuta ya mpingo hayapatani na gundi. Nausafisha kwa asetoni, nagandisha ndani ya dakika chache kabla mafuta hayajapanda tena, na bado natia pini mbili za shaba. Kutegemea gundi peke yake ni kujidanganya.

Jambo la uzito: shaba ya njano ina uzito wa karibu gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, titani 4.4, aluminiamu 2.7, mpingo 1.2 na kidogo. Mpini wa shaba tupu ni mzito mno mkiani. Nikitumia vibapa vyembamba vya shaba kama mifupa ya ndani na mpingo juu, napata uzito wa titani bila kununua titani. Hiyo ndiyo balisong yangu ya tisa, na mpaka sasa ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Angalizo dada: mpingo uko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama, tangu Januari 2017. Mteja wa nje akitaka, uliza vibali kabla ya kupokea pesa yake.

---

Mswahili wa Leicester

Salaam wakuu. Nafuatilia kwa hamu lakini niwakumbushe walioko huku. Uingereza balisong iko kwenye orodha ya silaha zilizokatazwa kuuzwa na kuingizwa nchini tangu 1988, na tangu 2021 hata kuwa nayo ndani ya nyumba ni kosa. Mtu asije akamletea ndugu yake zawadi kutoka safarini, atamtia matatani.

---

Mkerezaji wa Gerezani

Ahsante sana kaka kwa hilo. Ujerumani nao wamezuia tangu 2003. Hata Ufilipino kwenyewe kuna sheria ya 1978, Batas Pambansa namba 6, inayokataza kutembea na silaha ya ncha nje ya nyumba bila sababu ya kazi. Kisu kinaundwa Taal kwa fahari na bado hakibebwi barabarani. Nami yenye makali siitoi nje ya karakana, na mteja nisiyemjua namuundia isiyo na makali.

---

Jiriwa 254

Hamjambo wote. Niko Thika, ni mwalimu wa ufundi wa chuma. Nimejaribu kuunda moja isiyo na makali, mipini ya kupanga, aluminiamu. Nina shida mbili. Kwanza, ikiwa wazi mikia ya mipini imetanuka, haikutani, komeo halifiki upande wa pili. Pili, mipini inachezacheza kushoto na kulia, na nikikaza skrubu inakwama kabisa. Hakuna katikati. Nimechoka kuifungua na kuifunga.

---

Mkerezaji wa Gerezani

Pole mwalimu. Shida zote mbili zinatibika, usiitupe.

Tuanze na ya pili. Una bushi ndani ya tundu la msuka, au skrubu inapita moja kwa moja? Kama inapita moja kwa moja, basi hakuna siku utaipata katikati, kwa sababu skrubu unayoikaza ndiyo hiyo hiyo inayolibana bapa. Bushi inatenganisha kazi hizo. Mipini inabana bushi, bushi inasimama kama ukuta, na msuka pamoja na washa mbili (vile visahani vyembamba vya kando) unazunguka huru kuizunguka. Hapo unakaza skrubu mpaka mwisho wala kisu hakikwami.

Siri iko kwenye urefu wa bushi. Lazima uwe sawa na unene wa msuka na washa zote mbili, ukizidi kwa milimita 0.02 au 0.03 tu. Mfano msuka milimita 4, washa za bronzi 0.4 kila moja, jumla 4.8. Bushi iwe 4.82 au 4.83. Ikizidi kwa 0.1, mipini itayumba. Ikipungua, itakwama. Kata ya 4.9, kisha ilaze juu ya msasa namba 1000 uliowekwa kwenye kioo, tia tone la mafuta, isugue kwa kuchora namba nane, pima, sugua tena. Bushi moja inanichukua saa nzima na sioni ni muda uliopotea.

Kuhusu mikia, nipe vipimo: pini ya nyuma ina kipenyo gani, iko umbali gani kutoka kwenye mstari wa ekseli, mpini una urefu gani kutoka kwenye ekseli, na mikia imezidi kutanuka kwa kiasi gani.

---

Jiriwa 254

Kweli sina bushi, skrubu inapita moja kwa moja. Sasa nimeelewa. Vipimo: pini milimita 3.0, iko milimita 8 kutoka kwenye ekseli, mpini milimita 130, na mikia inahitaji kusogeleana milimita 5 ili komeo lifunge.

---

Mkerezaji wa Gerezani

Safi sana. Gawanya 130 kwa 8, unapata 16 na robo. Yaani kosa lolote lililoko kwenye pini linafika mkiani likiwa limekua mara 16. Kila milimita 0.1 unayopunguza kwenye kipenyo cha pini, mikia inasogeleana milimita 1.6. Wewe unataka 5, kwa hiyo punguza 0.3. Pini yako iwe 2.7.

Ila usitie pini mpya ya 2.7, itacheza ndani ya tundu la 3.0. Pini inaguswa na mipini kwenye ncha zake mbili zinazotokeza nje ya msuka, katikati haiguswi. Basi itoe, ifunge kwenye keekee, izungushe na uibane kwa kipande cha msasa ncha moja, kisha geuza. Katikati ibaki 3.0, ncha ziwe 2.7. Pima kila baada ya sekunde chache, zote mbili zilingane, zisipolingana mpini utakaa umejikunja.

Pini mimi nazikata kwenye mashina ya keekee zilizovunjika. Ni chuma kigumu, kinachukua muda kusagika, lakini hakipati kibonde baada ya kugongwa mara elfu. Msumari wa kawaida utakupa kisu kizuri kwa wiki mbili, halafu mikia inaanza kupishana.

Kitu kimoja zaidi wakati umeifungua. Mpini mmoja, ule unaokutana na mgongo wa bapa, ndio wa salama. Ule unaokutana na makali ndio wa kung'ata, na kawaida komeo hukaa huko. Kwenye mpini wa salama piga alama tatu ndogo kwa tupa ya pembe tatu, mahali dole gumba linapokaa. Macho yanachelewa, dole gumba haliwahi kukosea.

---

Nyundo Nzito

Mkuu nimesoma yote na nimebadili kidogo msimamo, siyo wote. Naomba sasa utuambie la bapa, maana wahunzi tupo.

---

Mkerezaji wa Gerezani

Kaka, hapa wewe ndiye mwalimu, lakini nitasema ninachokifanya.

Urefu wa bapa unatolewa na mpini, hauna uhuru. Ncha ikae ndani ya mfereji na ibakize nafasi kabla ya komeo. Kwa mpini wa milimita 130 mimi sizidishi bapa la 108. Unene 3.5 hadi 4 kwenye msuka, na kuanzia hapo naupunguza kuelekea kwenye ncha, kwa sababu ya hesabu ile ile ya umbali. Ncha nzito inauvuta mkono.

Umbo ninalolipenda ni lile lenye ncha katikati, pande mbili zinafanana, kwa kuwa uzito unakaa kwenye mstari wa kati na kisu kinazunguka bila kuyumba. Mawimbi ya kris, lile jambia lililopindapinda, ni mazuri mno kuyaangalia, ila kila wimbi linataka mfereji mpana zaidi, na mpini unanenepa. Likinilazimisha ninenepeshe mpini naliacha.

Chuma nachukua springi za lori kama wanavyofanya Taal. Napasha mpaka sumaku iache kushika na kuzidi kidogo, nazima kwenye oili iliyopashwa moto kidogo, halafu nalegeza kwenye oveni nyuzi 200 mara mbili, saa mbili mbili. Msuka naulegeza zaidi kwa moto wa gesi hadi uwe rangi ya buluu huku bapa limezama kwenye maji, kwa kuwa msuka unapokea vipigo na ukiwa mgumu sana utapasuka kwenye tundu la ekseli. Matundu natoboa kabla ya kuzima, nayamalizia baada ya kuzima, maana chuma kinajikunja kwenye oili.

---

Nyundo Nzito

Hilo la kulegeza msuka peke yake baba yangu alilifanya kwenye majembe. Alikuwa anasema msuka haukati, unabeba. Nitatuma picha nikifua wa kwanza.

---

Jiriwa 254

Narudi na majibu, siku nane baadaye. Bushi nimezikata kwa shaba, ya kwanza niliisugua ikapitiliza, ya pili na ya tatu zimekaa 4.83. Skrubu nimekaza mpaka mwisho na mipini inaanguka yenyewe kwa uzito wake. Pini nimesaga ncha zikafika 2.72. Mikia imekutana, komeo limefunga kwa kidole kimoja. Wanafunzi wangu wameizunguka meza tangu asubuhi na kila mmoja anataka kupima ile bushi kwa maikromita.

---

Mkerezaji wa Gerezani

Hongera mwalimu. Ikifikisha mwezi pima tena ncha za pini. Zikibaki 2.72, chora mpini wa pili.